Tetea au mashine: nani akuangulie mayai?

Wiki iliyopita dada mmoja wa mtaa wa pili alinisimamisha nje ya duka la vyakula vya mifugo, mkononi ana mfuko wa pumba, akaniuliza swali ambalo mwaka huu nimeulizwa labda mara kumi: "Kaka, ninunue mashine au niendelee na kuku wangu?"

Nikamuuliza ana matetea wangapi. Saba. Na wanaotaga sasa hivi? Akacheka: wawili tu, mmoja analalia, wengine wanalea. Nikamwambia, "Umeshajijibu mwenyewe dada yangu, ila njoo kivulini nikueleze."

Nilichomweleza ndicho hiki, nimekirefusha kidogo. Mimi nafuga uani, Kihonda, Morogoro. Nina matetea kumi na wanne wa kienyeji, majogoo wawili, na mashine ndogo ya kutotolesha ya mayai 56, ile ya plastiki yenye feni na kigeuzio chake. Mashine na matetea, wote wameshanifurahisha na wote wameshanitia hasara, kwa hiyo sina upande ninaoupigia debe.

Kwa mwenye haraka, picha ya jumla ni hii:

| | Tetea wa kienyeji | Mashine ya mayai 56 |
|---|---|---|
| Mayai kwa mkupuo | 10 hadi 12 ya kienyeji, 8 au 9 ya chotara | 56, ukiyapata |
| Siku | 21 | 21 |
| Joto, unyevu, kugeuza | anajua mwenyewe | ni juu yako |
| Kinachoharibu | utitiri, kenge, wenzake kumtagia kiotani | umeme, kipimajoto kinachodanganya, mayai ya zamani |
| Baada ya kuangua | analea | bruda (boksi au kona ya joto ya kulelea vifaranga), chakula cha dukani tangu siku ya kwanza |
| Unacholipa | miezi ambayo hatagi | mashine, yuniti za umeme, usingizi wako |

Mashine haitagi

Hili ndilo watu husahau wakiwa dukani, mbele ya boksi jipya linalonukia plastiki. Mashine inaangua tu. Kutaga hatagi mtu ila kuku. Ukishaiwasha inakudai mayai 56 yenye mbegu, safi, yasiyo na ufa, yasiyozidi siku saba tangu yatagwe, na yote uyaweke siku moja.

Sasa piga hesabu. Tetea wa kienyeji anayejitafutia hutaga mayai kati ya 40 na 60 kwa mwaka, kwa mikupuo mitatu au minne. Chukua 50. Matetea kumi ni mayai 500 kwa mwaka, yaani kumi hivi kwa wiki. Mashine ya mayai 56 itakuchukua zaidi ya wiki tano kuijaza, na yale ya wiki ya kwanza yatakuwa yameshajifia kwenye trei. Yai la kuangua huanza kupungua nguvu baada ya wiki moja. Likifika wiki mbili ni bahati nasibu. Kwa joto la Morogoro la Januari, hata hizo siku saba ni nyingi kama huna kona yenye ubaridi ya kuyahifadhi, ncha ikiangalia chini.

Ni kweli tetea anayeokotewa mayai kila jioni huchelewa kupata hamu ya kulalia, na akilishwa vizuri ataongeza. Mwongezee maradufu basi. Bado hujaijaza.

Kwa hiyo watu hununua mayai. Nami nilinunua, trei mbili, kutoka kwa mtu aliyeniapia kwamba jogoo wake hapumziki. Siku ya saba usiku nikazima taa chumbani, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kumulika yai moja moja kwenye kitako chake butu. Yai lenye kifaranga siku hiyo linaonyesha mishipa myekundu imetambaa kama miguu ya buibui kutoka kwenye kitone cheusi, na ukitulia unaona kitone kinacheza. Yai tupu linang'aa njano, safi, kama limetagwa leo asubuhi. Kati ya 56, yaliyong'aa yalikuwa 31. Tuliyachemsha, tukayaponda na maganda yake, tukawarudishia kuku.

Baadaye niligundua kwamba yule bwana alikuwa na jogoo mmoja kwa matetea zaidi ya ishirini, na jogoo mwenyewe mzee. Jogoo mmoja mwenye nguvu anatosha matetea wanane hadi kumi. Kuna na kosa jingine, la sikukuu: jogoo anachinjwa Krismasi, halafu katikati ya Januari mama mwenye nyumba anaanza kukusanya mayai ya kuatamisha. Mbegu ya jogoo hubaki ndani ya tetea wiki mbili hivi. Baada ya hapo anataga mayai ya chapati.

Kosa hili linamuumiza mwenye mashine kuliko mwenye tetea. Tetea akipewa mayai kumi na mawili mabovu umepoteza mayai kumi na mawili. Mashine inapoteza trei nzima na umeme wa wiki tatu.

Tetea akiwa kazini

Utamjua aliyeiva kwa kulalia. Anabaki kiotani hata usiku, ukipeleka mkono anavimbisha manyoya na kutoa sauti nzito ya kooni, na ukimnyanyua unakuta chini ya kifua ngozi imebaki wazi, ya moto. Manyoya yameondoka pale ili yai liguse mwili moja kwa moja. Atashuka mara moja kwa siku, robo saa au zaidi kidogo: anakunywa, anadonoa mahindi harakaharaka kama abiria wa basi lililosimama Chalinze, anaoga vumbi, anaacha kinyesi kimoja kikubwa kinachonuka kuliko kawaida, anarudi. Akiwa juu ya mayai anayageuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku, ya pembeni anayavutia katikati. Hakuna mashine ya bei ya kwetu inayofanya hivyo.

Kazi yako ni ndogo lakini ina mahali pake. Mpe kiota chake peke yake, tenga au boksi la mbao, chini utandaze majivu, juu nyasi kavu. Mimi huchanganya na majani makavu ya tumbaku. Wengine hutumia mwarobaini. Hii ni kwa ajili ya utitiri, na utitiri usiuchezee. Nilikuwa na tetea mwekundu, mama wa kuaminika, akaacha mayai siku ya kumi na tano. Nilimlaumu mpaka nilipoingiza mkono kiotani kuyatoa mayai: kabla sijafika mlangoni mkono mzima ulikuwa unatambaa. Yeye alikuwa amevumilia hayo kwa siku nyingi.

Adui wa pili ni wenzake. Kuku wakiona kiota chenye mayai wanadhani ni mahali pa wote. Unamwekea kumi na mawili, baada ya wiki yamekuwa kumi na tisa, mwili wake haufuniki yote, na kila yai linapata zamu yake ya baridi. Yaandike kwa penseli tarehe au msalaba, kila jioni toa yasiyo na alama. Afadhali zaidi mhamishie chumba kingine, ila mhamishe usiku, akiwa anasinzia, yeye na mayai yake. Ukimhamisha mchana atarudi kulekule alikotoka na kukalia nyasi tupu.

Ukifanya hayo, kwa mayai kumi na mawili mabichi kabisa, tetea wangu mzuri hunipa tisa au kumi. Mashine yangu, kwa mayai mazuri 56, hunipa arobaini na kitu. Kwa uwiano tetea yuko mbele kidogo, na hajala hata yuniti moja.

Udhaifu wake ni idadi, na hata huo una dawa, ambayo nashangaa wenye mashine wengi hawaijui: kuatamisha kwa mpigo. Matetea wako wakianza kutaga, okota mayai kila siku, mwachie kila mmoja yai moja la kumdanganya, uyaandike tarehe na kuyaweka penye ubaridi. Wa kwanza akianza kulalia, usimpe mayai ya kweli. Mpe viza, au ya kuchemsha, akae nayo siku chache akisubiri wenzake. Wakifika watatu au wanne, chagua usiku mmoja, ondoa yale ya uongo, wawekee wote mayai mapya. Siku ya 21 una vifaranga thelathini na tano wa umri mmoja, bila waya hata mmoja. Wakiangua wanne, unaweza kuwakabidhi wawili vifaranga wote, na wale wawili wengine wakarudi kutaga.

Na kama una bata, usimdharau. Bata hawa wa kienyeji wenye nundu nyekundu usoni wamezoea kulalia siku 35 kwa mayai yao, kwa hiyo siku 21 za kuku kwao ni matembezi. Bibi yangu alikuwa akimwekea bata mayai ya kuku mpaka ishirini. Shida inakuja bata akiwapeleka watoto majini na kubaki anashangaa kwa nini hawamfuati.

Mashine ikiwa kazini

Yenye feni inataka nyuzi joto 37.5 mwanzo hadi mwisho. Isiyo na feni, zile za mbao za mafundi wetu zenye balbu, inataka kama 38.3 ukipima usawa wa juu ya mayai, maana hewa ya moto hupanda. Unyevu asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Mayai yageuzwe mara tatu hadi tano kwa siku, na siku ya 18 uache kugeuza.

Kwenye karatasi ni rahisi hivyo. Kwenye chumba chako, tatizo la kwanza ni kwamba kioo cha mashine kinaweza kusema 37.5 na ndani ikawa 38.6. Joto likizidi kidogo tu, vifaranga hutoka siku ya 19 au 20, wadogo, vitovu havijafunga. Likipungua, wanatoka siku ya 22 au 23, wazito, wengine wanafia ndani. Kabla ya kuweka yai hata moja, washa mashine siku nzima, kisha ingiza ndani kile kipimajoto cha homa cha duka la dawa. Kimetengenezwa kwa ajili ya nyuzi hizihizi, na ni cha bei ndogo kuliko trei ya mayai.

Zamani Misri walikuwa na matanuri ya kuangulia mayai, ya matofali ya udongo, mayai maelfu kwa mara moja. Hapakuwa na kipimajoto. Mwangalizi aliishi humohumo na kupima joto kwa kugusisha yai kwenye kope ya jicho. Siku moja nilijaribu. Niliona yai ni la moto, basi.

Unyevu nao unategemea unakoishi, na hapa maelekezo ya kwenye boksi hayakusaidii. Hewa ya Dar es Salaam au Tanga imebeba maji ya kutosha. Ukijaza vibirika vyote viwili vya mashine tangu siku ya kwanza, kifaranga atazama ndani ya yai lake. Dodoma hewa ni kavu, ukisahau maji siku mbili ngozi ya ndani ya yai inakauka na kumfunga kifaranga kama bandeji. Njia isiyodanganya ni mizani ya jikoni. Yai huwa linapoteza kama asilimia 12 au 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18: la gramu 45 liwe limefika 39 au 40. Likipungua zaidi ya hapo ongeza maji, likipungua kidogo mno punguza.

Halafu umeme. Mwaka juzi siku ya 16, saa nane usiku, feni ikanyamaza. Mwenye mashine huamka kwa ukimya, wala hahitaji kengele. Nikafunga matundu karibu yote, nikaifunika blanketi, nikachemsha maji kwa gesi, nikajaza chupa mbili za plastiki na kuziegesha pembeni ya trei, si juu ya mayai. Umeme ulirudi asubuhi kumeshapambazuka. Walitoka siku moja nyuma ya tarehe, 33 kati ya mayai 41 yaliyokuwa yamebaki baada ya kumulika. Yai lenye kifaranga mkubwa linajitengenezea joto lake, na baridi ya saa chache huivumilia.

Joto halivumilii. Mkupuo uliofuata niliiweka mashine karibu na dirisha, jua la alasiri likaipiga nikiwa kazini, nikarudi nikakuta nyuzi 41. Hapakutoka hata mmoja. Watu wakisikia nina mashine huniuliza habari za umeme kukatika, wakati hasara yangu kubwa ililetwa na pazia ambalo sikulivuta.

Lakini kuna siku ya 20. Siwezi kuandika ulinganisho huu nikaificha. Unakaribia mashine usiku, unasikia sauti ndani ya yai ambalo bado ni zima. Mwanangu wa mwisho hulaza sikio kwenye kifuniko na kuwajibu. Kesho yake yai moja lina kovu dogo la pembetatu, halafu kimya, saa sita, kumi, na mkono wako unawasha kutaka kumsaidia. Usimguse. Kuanzia kudonoa mpaka kutoka ni kawaida ichukue hata siku nzima; wakati huo anamalizia kuvuta kiini na damu mwilini, na ukibandua ganda mapema unaona damu. Ukifungua kifuniko kuchungulia, unyevu unakimbia na wenzake wanakaukia ndani. Acha wakauke humohumo. Kiini walichomeza kinawashikilia hata siku mbili bila chakula.

Tetea haya yote huyafanya gizani, na wewe unaona tu asubuhi vichwa vitatu vimetokeza chini ya bawa.

Nani atalea?

Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, walisema wazee, na ni kweli: vifaranga wangu wa bruda wanachakura gazeti siku ya pili. Ila kuna kitu hawana. Mwewe akipita, tetea hutoa mlio mmoja na vifaranga wote hutoweka kama maji kwenye mchanga. Wa bruda ukiwatoa nje wana wiki sita husimama wakimtazama mwewe.

Kwa upande mwingine, tetea anayetembea na watoto uani huwapoteza. Kunguru, paka, nguchiro, mvua ya masika, mtaro. Akianza na kumi, kumaliza miezi miwili na watano si ajabu, na wengi wetu tumezoea mpaka hatuhesabu tena. Kama hujamjengea hata kizimba cha wavu kwa wiki nne za kwanza, usiseme tetea ni wa bure.

Bruda inakutaka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Watazame wenyewe: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kuta wana joto, wakitawanyika na kulala ovyo wako sawa. Anayetumia jiko la mkaa aache mahali pa hewa kutokea. Moshi usioonekana unaua vifaranga, na unaua watu pia, kwa hiyo jiko la mkaa lisiwashwe kwenye chumba ambacho mtu amelala.

Chanjo zinawahusu wote, wa tetea na wa mashine. Mdondo, yaani kideri, ule ugonjwa unaoua kuku wa ua mzima, haujali ulianguliwa na nani. Ila hapa idadi inaingia tena. Chupa ya chanjo ina dozi mia na zaidi, na ile ya kuchanganya kwenye maji ikishachanganywa inabidi inywewe ndani ya saa mbili. Mwenye vifaranga arobaini wa siku moja anafungua chupa bila kusononeka. Mwenye vifaranga tisa leo, saba wiki ijayo, na kumi mwezi ujao, hafungui kabisa, na ndipo mdondo wa kiangazi unafagia ua. Mtaani kwetu tumekubaliana siku moja kila baada ya miezi mitatu: ile chanjo ya mdondo iitwayo I-2, ya kudondoshea jichoni, tone moja kwa kila kuku, inayotengenezwa hapahapa nchini, tunanunua kwa kuchanga na kupita nyumba kwa nyumba jioni kuku wakiwa wameingia.

Ukiwa na chotara

Sasso wenye asili ya Ufaransa au Kuroiler wa India wanataga mara tatu ya kienyeji, hata zaidi. Kwa hiyo mayai ya kujaza mashine si shida kwao. Lakini hamu ya kulalia karibu imewatoka. Ukimsubiri tetea wa Sasso aatamie utazeeka. Na vifaranga wake hawatafanana na wazazi: wengine wakubwa, wengine vijeba, kwa sababu chotara ni mchanganyiko na mchanganyiko hauzai mchanganyiko uleule. Anayetaka Kuroiler waliosawazika anunue vifaranga wa siku moja, asihangaike na mayai.

Ninachokipenda mimi ni jogoo chotara kwa matetea wa kienyeji. Watoto wanakuwa na mwili, na mama bado analalia. Usimchague tu jogoo wa kilo nne kwa tetea wa kilo moja na nusu. Atamvua manyoya yote ya mgongoni. Na jogoo yeyote, kila mwaka badilishana na mtu wa mbali kidogo, la sivyo baada ya miaka mitatu uani kwako wote ni ndugu na mayai viza yanaongezeka bila sababu unayoiona.

Ningekuwa wewe

Ukiwa na matetea chini ya kumi na watano na unataka kitoweo, mayai ya watoto na kuku wa kuuza Idi na Krismasi, kaa na tetea. Pesa ya mashine jenga kizimba cha wavu na nunua chanjo. Utaona idadi ikipanda ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu shida yako haikuwa kuangua, ilikuwa kulea.

Nunua mashine kama una mayai ya uhakika kila wiki, una wanunuzi wa vifaranga wanaokusubiri, na kuna mtu nyumbani mchana. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa wenzangu tunaoondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Na kama umeme wa kwenu unakatika kila wiki, hesabu na bei ya betri kabla hujaulizia bei ya mashine.

Mimi mwenyewe nimeishia katikati. Tetea akitaga wiki mbili, akilalia tatu na kulea wiki nane hadi kumi na mbili, zamu moja inakula zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo baadhi yao nawachukua vifaranga siku za mwanzo nikawaweka bruda, namlisha mama vizuri, na baada ya wiki chache anataga tena. Simfanyii hivyo kila mara, maana kulalia kunamkondesha na anahitaji kupumzika. Mashine siku hizi ni hospitali: mayai ya tetea aliyekimbia kiota, au aliyeliwa na nguchiro siku ya kumi. Wakitoka, nawapenyeza usiku chini ya tetea ambaye ameangua siku hiyohiyo. Kukicha anawahesabu wote kuwa wake. Ukichelewa siku tatu anawadonoa vichwani, kwa hiyo tarehe ni muhimu.

Yule dada hakununua mashine. Jumamosi alinitumia picha: matetea watatu, kila mmoja kwenye tenga lake, na juu ukutani tarehe imeandikwa kwa mkaa. Chini yake ameandika, "Kaka, siku ya saba uje na tochi, ya kwangu imekufa."